Upepo umepita, paa halipo: mwongozo kamili wa kukadiria nguvu ya kisulisuli kwa mabaki yake

Kila upepo mkali ukipita Tanga, kabla hata bati la mwisho halijaokotwa, mtaa mzima umeshatoa hukumu. Mmoja anasema ni kimbunga. Mwingine anasema ni tornado, sawasawa na zile za Marekani alizoziona kwenye simu. Wa tatu anasema mbona mwembe wa msikitini haukutikisika, paa la fulani lilipigiliwa kiholela tu. Mara nyingi huyo wa tatu ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa siku hiyo hakuna anayetaka kumsikiliza.

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, fundi paa, mwalimu wa jiografia, au yeyote atakayejikuta anaandika taarifa ya maafa na kuulizwa, "Upepo ulikuwa na nguvu kiasi gani?" Tornado, yaani visulisuli vinavyoungana na wingu la radi, hazipimwi kwa mashine zikiwa zinapita, isipokuwa kwa bahati. Hupimwa baada ya kupita, kwa kutazama kilichovunjika. Jambo moja ndilo linaloongoza kazi yote: ukubwa wa hasara hauonyeshi ukubwa wa upepo mpaka ujue kilichoharibika kilikuwa kimefungwaje. Banda la mbao nyembamba likiangamia halikuambii kitu. Jengo lililofungwa sawasawa likipoteza kona moja ya paa, hapo una habari.

Kabla ya kupima chochote

Watu kwanza. Kama kuna aliyenaswa chini ya ukuta, kazi ya kupima haipo. Piga 114 kwa Zimamoto na uite majirani. Waya wowote ulioanguka uchukulie kuwa una umeme, hata kama mtaa mzima uko gizani. Hatari ambayo watu huisahau ni bati au seng'enge iliyogusana na waya huo mbali na unapouona. Kaa mbali, wazuie watoto na bodaboda wasipite, TANESCO wapewe taarifa. Ndani ya nyumba zilizoguswa, zima swichi kuu kabla umeme haujarudi.

Vaa viatu vya soli nene. Baada ya upepo, uwanja mzima una misumari iliyosimama kwenye papi, zile mbao zinazopigiliwa mabati, na pepopunda haichagui. Usiegemee ukuta uliobaki bila paa: tofali za saruji zisizoshikiliwa juu husimama siku mbili, mvua ikanyesha usiku, asubuhi ziko chini. Kwenye majengo ya zamani ya umma, mabati yale mazito ya kijivu yanaweza kuwa ya asbesto. Vipande vyake usivikate wala kuvifagia vikavu. Vilowanishe, viache hapo, mwite bwana afya. Maji ya kisima kilichoingiwa na mafuriko yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Kipindupindu kikija huja siku chache baadaye, watu wakiwa bado wanahangaika na mabati.

Ukishamaliza hayo, fanya haraka. Ushahidi wa upepo hauishi siku nyingi mjini. Mwarobaini ulioanguka asubuhi, jioni umeshakuwa kuni. Mabati yaliyokunjika yamekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimekatwa kutengeneza kibanda cha muda. Kilicho bora ni kupiga picha siku hiyohiyo, na kupima siku hiyo au kesho yake.

Utahitaji simu yenye chaji, daftari, kalamu, futi ya fundi na chaki ya kuandika namba kwenye kila kitu unachokipiga picha. Dira ya simu inatosha, ila hudanganyika karibu na mabati na nondo. Sogea hatua kadhaa ndipo usome.

Hatua ya kwanza: jua ni upepo wa aina gani

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa kuwa kila upepo ulioezua paa huitwa kimbunga.

Kimbunga hasa hutoka baharini, kina upana wa mamia ya kilomita, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hukifuatilia kwa siku kadhaa kabla. Upepo wake huvuma kwa saa nyingi na kuathiri wilaya nzima, si mtaa mmoja. Pwani yetu ya kaskazini haivipati mara kwa mara, maana Tanga iko karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia hautoi msukumo wa kutosha wa kukizungusha kimbunga. Nadra si sawa na kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na Bagamoyo, kikazamisha merikebu za Sultani Barghash, kikaangusha mikarafuu ya Unguja na kubomoa majengo ya misheni ya Bagamoyo, ambayo ilikuwa na miaka minne tu tangu ianzishwe. Mwaka 1952, tarehe ileile ya Aprili, ilikuwa zamu ya Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka Mafia kikiwa kimekwisha kudhoofika.

Mporomoko wa upepo ndio unaotupata zaidi, hasa kwenye mvua za radi za masika na vuli. Hewa baridi hushuka kwa kishindo kutoka kwenye wingu, ikifika chini inatawanyika pande zote, kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni. Hudumu dakika chache, mara nyingi chini ya robo saa, na unaweza kuezua mabati ya kata nzima bila hata chembe ya mzunguko.

Kisulisuli cha wingu, yaani tornado, ni nguzo ya hewa inayozunguka iliyoungana na wingu la radi juu na ardhi chini. Njia yake ni nyembamba: mara nyingi mita kumi au mia chache. Nyumba moja inafagiwa, ya pili yake nguo zimebaki kwenye kamba. Wavuvi wa Sahare na Pangani huweza kukiona baharini kikiwa mkia mweupe unaoning'inia kutoka kwenye wingu. Kikifika nchi kavu, kwa kawaida hufa upesi.

Mwisho kuna chamchela cha mchana mkavu, kile cha vumbi kinachozunguka uwanjani jua likiwaka. Hicho hakina wingu juu yake. Kinaweza kuinua bati lililolegea au kupindua meza ya mama lishe, basi.

Hatua ya pili: soma miti kabla ya nyumba

Nyumba hukuambia nguvu, lakini miti ndiyo inayokuambia aina. Anza upande ambao hakuna kilichoharibika, kata njia yote ya uharibifu kwa kutembea moja kwa moja mpaka utokee upande wa pili ulio salama, kisha rudia mita mia moja mbele. Kwa kila mti ulioanguka, andika kichwa chake kimeelekea wapi kwa dira na uchore mshale mdogo kwenye ramani yako.

Mishale ikielekea upande mmoja, au ikitawanyika kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa, huo ni mporomoko. Mishale ya pande mbili ikielekeana kwenye mstari wa katikati, na miti mingine ikilaliana kwa kupishana, hapo tornado inawezekana. Kusini mwa ikweta, tornado nyingi huzunguka kufuata mwendo wa saa, kwa hiyo upande wa kushoto wa njia yake, ukitazama inakokwenda, ndio wenye nguvu zaidi: mwendo wake na mzunguko wake vinasukuma pamoja. Marekani ni kinyume, upande wa kulia. Ukisoma miongozo yao, geuza.

Namna hii ya kusoma miti ina historia nzito. Tetsuya Fujita, Mjapani aliyekuja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 1945 alikuwa mwalimu kijana huko Japani na alikwenda Nagasaki na Hiroshima kukagua athari za mabomu ya atomiki. Aliona miti iliyosukumwa nje kutoka kitovu kimoja, umbo la nyota. Mwaka 1974, akiwa kwenye ndege juu ya West Virginia baada ya mlolongo mkubwa wa tornado, akaliona umbo lilelile msituni ambako kila mtu alidhani tornado imepita. Kutokana na hapo akaeleza mporomoko wa upepo. Wenzake wengi walimbishia. Ajali ya ndege ya Eastern Air Lines mjini New York, Juni 1975, ndiyo iliyompa nafasi ya kuonyesha kwamba mporomoko wa namna hiyo unaweza kuiangusha ndege inayotua.

Sasa miti yetu yenyewe. Usihesabu migomba wala mipapai; hiyo huanguka kwa upepo wowote. Mwembe mkubwa uliong'oka, nenda kwenye shimo lake kwanza. Udongo ulikuwa tope? Mizizi ya upande mmoja ilikatwa wakati wa kuchimba mtaro wa barabara? Shina lina mchwa ndani? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, mti huo una thamani ndogo katika makadirio yako. Mti mzima, wenye mbao isiyooza wala kuwa na kovu, uliokatika shina juu ya ardhi, ndio shahidi mzuri.

Mnazi una tabia yake. Hupinda sana, majani hukusanyika upande mmoja, na upepo ukiisha huinuka. Usihesabu mnazi uliolala zamani: mnazi ulioinama miaka mingi kichwa chake hukunja kwenda juu kutafuta jua, na shina lina umbo la ndoano. Uliolala jana, shina na kichwa viko kwenye mstari mmoja, na majani bado mabichi. Nimewahi kuona taarifa yenye picha tatu za minazi ya ndoano ya njia ya Pangani, ikiitwa ushahidi wa upepo wa siku iliyotangulia.

Kwa kulinganisha, kipimo cha tornado cha Marekani, tutakachokiona hatua ya nne, huweka kadirio hili kwa miti ya mbao ngumu: matawi madogo kukatika, kama kilomita 97 kwa saa; matawi makubwa, 119; mti kung'oka, 146; shina kukatika, 177; mti kuvuliwa gome na kubaki visiki vya matawi, 230. Ni makadirio ya katikati, na kwenye ardhi iliyolowa masika, mti hung'oka mapema zaidi ya hapo.

Mashamba ya mkonge hayatakusaidia sana. Mkonge ni mfupi na mgumu. Tornado inaweza kupita katikati ya shamba la Amboni na kuacha milingoti ya maua tu iliyovunjika. Kutokuwepo kwa uharibifu hapo si ushahidi kwamba upepo ulikuwa mdogo.

Hatua ya tatu: paa, kiungo kwa kiungo

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiharakishe. Upepo ukipita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na ukiingia ndani kwa mlango au dirisha lililovunjika huongeza msukumo kutoka chini. (Wanaosema ufungue madirisha ili nyumba isipasuke wanakuponza. Nyumba haipasuki kwa hewa ya ndani. Unafungulia upepo mlango tu.) Nguvu hiyo husafiri kutoka bati kwenda msumari, msumari kwenda papi, papi kwenda kenchi, kenchi kwenda mtambaapanya, yaani ile mbao inayolala juu ya ukuta, na mtambaapanya kwenda ukutani. Paa huachia penye kiungo dhaifu kuliko vyote. Kazi yako ni kutafuta kiungo hicho.

Okota bati. Tazama tundu la msumari kwa karibu. Likiwa limepanuka au limechanika kwa umbo la kofia ya msumari, na msumari wenyewe umebaki umesimama kwenye papi, maana yake bati ndilo lililoshindwa. Kwa bati jembamba la geji 32 hilo halihitaji upepo wa kutisha. Kwa geji 28, ambalo ni nene zaidi, lililopigiliwa kila mgongo wa pili, linahitaji zaidi.

Bati likiwa limekuja na misumari yake, shika msumari mmoja utazame mwili wake. Msumari uliosokotwa unashika kuliko laini. Ukiwa na kutu nusu ya urefu, ulikuwa umelegea kabla ya siku hiyo. Kisha tazama papi: mbao iliyooza hutoa msumari bila kupasuka, tundu linabaki safi. Mbao nzima huacha tundu lenye nyuzi zilizovutwa.

Bati likiwa limekuja na papi zake, tafuta papi ilikuwa imeshikwa na nini kwenye kenchi. Mara nyingi utakuta msumari mmoja wa inchi 3 kwa kila makutano, umepigwa wima. Paa la namna hiyo huondoka kama jamvi, na hapo ndipo watu huapa kwamba wameona tornado, kwa sababu limepaa zima na kutua barabara ya pili.

Kenchi nzima zikiwa zimeondoka, nenda juu ya ukuta. Je, kuna waya au utepe wa chuma uliochomoza kutoka kwenye zege, umekatika? Ukikuta umekatika au umenyooka, andika kwa wino mzito: hapo kulikuwa na kifungo halisi na upepo umekishinda. Usipokuta chochote, mtambaapanya uliwekwa tu juu ya tofali na kushikwa na uzito wake, na paa la mabati lina uzito mdogo mno kwa kazi hiyo.

Hesabu inasaidia kumaliza ubishi. Chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.613. Unapata nguvu kwa nyutoni katika kila mita ya mraba. Gawa kwa 9.8 upate kilo. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, sawa na kilomita 108 kwa saa, unatoa kama kilo 56 kwa mita ya mraba. Bati la mita 3 lenye upana wa kufunika sentimita 80 ni mita za mraba 2.4: hiyo ni kama kilo 135 zinazolivuta bati lenye uzito wa kilo chache. Likiwa na misumari 12, kila msumari unabeba kilo 11 hivi. Kasi ikiwa mara mbili nguvu huwa mara nne, kwa hiyo kwenye kilomita 216 kwa saa kila msumari unabeba kilo 45. Pembeni na kwenye kona za paa mnyonyo unaweza kuwa mara mbili ya katikati. Ndiyo maana bati la ukingoni hutangulia, na ndiyo maana paa la baraza likiondoka peke yake ni dalili ya upepo wa kawaida wa radi.

Kuta nazo zina hila zake. Ukuta wa pembetatu wa mwisho wa paa huanguka mapema, kwa kuwa juu haujashikwa na kitu. Nyumba ya fito na udongo ikimomonyoka huku fito zimesimama, hiyo ni kazi ya mvua baada ya paa kutoka. Usiiandike kwenye hesabu ya upepo. Ukuta wa tofali wenye nguzo za zege na nondo uliolala chini ni jambo jingine kabisa, na kama umeuona, mwite mhandisi wa halmashauri auone naye.

Hatua ya nne: linganisha na kipimo

Fujita alitoa kipimo chake mwaka 1971. Marekani wanatumia toleo lililoboreshwa tangu Februari 2007, ambalo huandikwa EF. Lina viashiria 28, kuanzia mabanda ya shamba mpaka maghorofa na miti, na kasi zake ni wastani wa upepo kwa sekunde 3:

EF0: kilomita 105 hadi 137 kwa saa
EF1: 138 hadi 177
EF2: 178 hadi 217
EF3: 218 hadi 266
EF4: 267 hadi 322
EF5: zaidi ya 322

Kila hatua ya uharibifu katika kiashiria ina kasi ya katikati, ya chini na ya juu. Nyumba ya familia ya Marekani iliyopoteza sehemu kubwa ya paa huku kuta nyingi zimesimama hupewa kilomita 196 kwa saa, ila kama ujenzi ulikuwa duni mkaguzi anaweza kushuka mpaka 167. Banda la shamba likiangamia lote, kadirio ni 180. Na nyumba iliyofagiwa ikabaki sakafu tupu haipewi EF5 mpaka mkaguzi ajiridhishe kwamba ilifungwa barabara kwenye msingi wake.

Kasi hizo zimetokana na nyumba za mbao za Marekani, ambazo si nyumba za Makorora wala Mabawa. Usichukue safu yao ukaibandika juu ya nyumba ya tofali yenye papi za msumari mmoja. Taasisi ya Ulaya ya utafiti wa tufani kali, ESSL, ilitoa mwaka 2023 kipimo cha kimataifa cha Fujita kinachoanza kwa kuuliza jengo ni imara kiasi gani ndipo kiangalie limeharibikaje. Kwetu huo ndio utaratibu unaofaa, hata ukiufuata kwa mkono tu: toa kila jengo daraja la dhaifu, wastani au imara kabla ya kuandika kasi.

Kipimo cha uharibifu kina upofu wake. Tarehe 31 Mei 2013 tornado ya El Reno, Oklahoma, ilifikia upana wa kilomita 4.2, na rada za magari ya utafiti zilisoma ndani yake kasi za daraja la juu kabisa. Ilipewa EF3. Ilipita mashambani, na hakukuwa na majengo ya kutosha ya kuonyesha zaidi ya hapo. Tornado ikipita kwenye mikoko au katikati ya bahari, huwezi kuipa daraja lolote, na kuandika "haijulikani" ni jibu kamili.

Hatua ya tano: waulize waliokuwapo

Salamu kwanza, pole kwanza, swali baadaye. Na swali lisiwe na jibu ndani yake. Ukimwuliza mtu "Uliuona ukizunguka?" atasema ndiyo, kwa kuwa ameshasikia wenzake wakisema.

"Shikamoo bibi. Poleni sana na mtihani huu."
"Marahaba mwanangu, tumeshapoa. Mungu mkubwa."
"Ulikuwa wapi ulipoanza?"
"Jikoni, naunga mchuzi. Mlango wa uani ukajifunga puu! Nikasikia mabati ya kwa shemeji yangu kule, kisha ya kwetu."
"Kule ni upande gani?"
"Kule baharini."
"Na mvua ilikuwa imeshaanza?"
"Bado. Mvua ilikuja baadaye, kubwa."

Kwa maneno hayo machache una mwelekeo, una mfuatano, na una upepo uliotangulia mvua, ambao unafanana sana na mporomoko. Mngurumo wa mfululizo kama wa lori kubwa lisilopita ni dalili nyingine watu huitaja, ila usiitegemee peke yake. Chini ya bati lolote upepo hunguruma. Uliza video kwa vijana. Video moja ya sekunde kumi inayoonyesha mabaki yakizunguka hewani inashinda mashahidi ishirini.

Hatua ya sita: andika kadirio, siyo namba moja

Panga ushahidi wako kwa pande mbili. Vilivyoshindwa vinakupa kasi ya chini ambayo lazima upepo uliifikia. Vilivyosimama vinakupa kikomo cha juu. Watu husahau upande wa pili, kwa sababu hakuna anayepiga picha ya choo kilichobaki.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, uko mtaa wa pembezoni kuelekea Pongwe. Nyumba tano zimepoteza mabati ya ukingoni, geji 30, misumari yenye kutu. Moja imepoteza kenchi zote, na juu ya ukuta hakuna kifungo. Miembe miwili imeng'oka kwenye tope, mmoja mizizi yake ilikatwa na mtaro. Darasa la shule lenye kenchi zilizofungwa kwa utepe wa chuma halikupoteza bati hata moja, nguzo za umeme zimesimama, na minazi imebaki na majani yake. Mishale ya miti yote inaelekea kaskazini magharibi, ikiachana kidogo. Mtaani wanasema ni tornado. Wewe unaandika: mporomoko wa upepo wa radi, kadirio kilomita 90 hadi 120 kwa saa, uhakika wa wastani. Kisha unaeleza kwa nini, ukitaja darasa lile.

Watakulaumu. Mwenye nyumba aliyepoteza kenchi atahisi umempunguzia msiba wake. Mweleze kwamba hasara yake iko palepale na msaada hautolewi kwa daraja la upepo. Namba yako ni ya fundi atakayejenga upya.

Taarifa iende wapi

Nakala ya kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata, ambao kwa utaratibu wa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 wanaanzia kamati za chini kabisa, kisha wilaya na mkoa. Nyingine ipelekwe TMA, ambao wana kituo uwanja wa ndege wa Tanga. Waombe kasi ya juu iliyosomwa saa hiyo, ila ujue kifaa kilicho kilomita kadhaa mbali hakiwezi kuona upepo wenye upana wa mita mia. Angalia pia kama siku hiyo walikuwa wametoa angalizo au tahadhari, uandike saa yake. Mwenye bima apige picha zote kabla ya kugusa kitu na asome mkataba wake kama tufani imetajwa.

Jambo la mwisho ni la siku fundi atakapopanda juu kuezeka tena. Nenda na daftari lako. Mwonyeshe kiungo kilichoachia, kisha simama hapo mpaka uone utepe wa chuma umezungushwa kenchi na kuingizwa chini ya kozi tatu za tofali, papi zimeshikwa kwa misumari miwili iliyopigwa kwa kukingamana, na mabati ya ukingoni yamepigiliwa kila mgongo. Piga picha kabla dari halijafunika, uandike tarehe, uihifadhi pamoja na taarifa. Mkaguzi wa upepo unaofuata hatakuwa na haja ya kubuni paa lilifungwaje.